Majimoto wa Mwanakombo

Fadhili wa Nanyamba hakuwa mtu wa kuomba. Ndiyo maana, msimu ule mbu wa mikorosho, wale wadudu wafyonzao utomvu, walipovamia shamba lake na kuyakausha machipukizi yakawa meusi kama yaliyopitiwa na moto, aliona heri aibe.

Fedha zake zilikuwa zimekwisha kwa salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga; za kununulia dawa ya wadudu hakubaki nazo. Gaspari, jirani aliyehamia kutoka Kitaya na mashine yake ya kupulizia, akampa neno la heshima.

"Nikodishie mikorosho msimu huu, ndugu yangu. Dawa yangu, mavuno yangu, nawe upokee kodi yako umekaa barazani. Ijumaa baada ya swala nipe jibu."

Mikorosho ile ilipandwa na baba yake. Kuokota korosho chini yake kwa ruhusa ya mtu mwingine, hilo Fadhili hakuwa tayari kuliona.

Ng'ambo ya mpaka wa shamba, mikorosho ya Mwanakombo, mjane wa kaka yake, ilichanua bila dawa yoyote ya wadudu. Ilijaa majimoto, wale sisimizi wekundu washonao majani kuwa viota na kumla kila mdudu apitaye. Kwa miaka mingi Fadhili aliwacheka, na kila alipopuliza dawa aliwaua wa kwake, tena kwa gharama yake mwenyewe.

Alfajiri ya Jumatano alivuka mpaka na gunia, akakata viota viwili. Aibu ikamzuia kukata cha tatu, hivyo vilivyopungua akavitoa kwenye mchungwa ulio nyuma ya msikiti. Akavifunga vyote kwenye mikorosho yake, akaunganisha miti kwa kamba ili wageni watembeleane, kama alivyoona kwa shemeji yake. Kisha akaketi chini ya kamba kungoja, shingo imevimba kwa kuumwa.

Wageni wakatembeleana. Jua lilipopanda, majimoto walikuwa wakikatana viungo katikati ya kamba, na maiti zikidondoka juu ya kofia yake.

"Shemeji!" Mwanakombo alisimama mpakani, kanga mdomoni, mabega yakimtetemeka. "Hii ni arusi au ni ugomvi wa mirathi?"

"Napalilia."

"Unapalilia umeketi?" Akasogea, akatazama kamba. "Wangu hawapigani wao kwa wao. Umechanganya koo mbili. Hata wewe ukweni huendi bila taarifa! Kwa nini hukuniomba?"

"Ningeanzaje, nami nimekucheka miaka yote?"

"Ungeomba huku nami nikikucheka. Tungekuwa tumelipana."

Hapo Fadhili akaomba. Neno lilimtoka kwa shida kuliko jino.

"Vema," akasema Mwanakombo. "Wa msikitini warudi msikitini. Tufunge kamba kutoka mkorosho wangu wa mpakani hadi wako, watavuka wenyewe, ukoo mmoja. Lakini dawa yako ya wadudu isiguse miti hiyo tena. Sikupi walinzi ili uwalishe sumu."

Ijumaa, Gaspari aliitazama shingo ya Fadhili iliyovimba kwa huruma.

"Ndugu yangu, hilo ndilo jibu?"

"Ndilo. Sikodishi."

"Wenzako hukodisha kwa sababu ya wadudu. Wewe unakataa kwa sababu ya wadudu!"

Mavuno yalipofika, mikorosho ya karibu na mpaka ilizaa vema. Ile ya mbali, ambako majimoto walichelewa kufika, ilizaa kwa uchoyo. Gaspari alivuna zaidi, ingawa sehemu nono ya mavuno yake ilirudi dukani kulipia dawa. Fadhili aliokota korosho zake chini ya miti ya baba yake, akijikuna.

"Wamekuuma tena, shemeji?" Mwanakombo akapaza sauti.

"Wananisalimia," akajibu. Kisha, bila hata kumeza mate, akamwomba gunia la kuazima.