Kompyuta Isiyochapa

Mzee Makori wa Ekerenyo hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Waadventista, na majirani walimletea kesi zao za mipaka kwa sababu moja tu: akisema jambo, ndivyo lilivyo. Kwa hiyo kamati ya harusi ya binti yake Bonareri ilishangaa siku aliposimama, akakohoa kidogo, akasema, "Programu za harusi niachieni mimi. Zitachapwa nyumbani kwangu, kwa kompyuta ya Nyabuto."

Kompyuta yenyewe ilikuwa haijanunuliwa. Lakini ilikuwa Oktoba ya mwaka wa tisini na tisa, bonasi ya chai ilikuwa imeingia, na mzee alikuwa ameshaamua. Wenzake walinunua mabati na ng'ombe wa gredi. Yeye alimtazama mwanawe Nyabuto, aliyemaliza kozi ya kompyuta mjini Kisii na sasa alikuwa nyumbani akila na kulala, akaona afadhali ampe chombo cha kumlisha. Achapie shule mitihani, achapie makanisa ratiba. Alimkabidhi pesa zikiwa zimefungwa kwenye leso ya mkewe, Orpah, pamoja na sharti moja.

"Momura, kijana wangu, mimi hizo mashine sizijui. Chagua unavyojua wewe. Lakini iwe inachapa. Nimeshatoa neno langu mbele ya watu."

"Itachapa, Tata," akajibu Nyabuto, na wakati ule alimaanisha. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa tu kijana mwenye roho nyepesi, aina ile ambayo mama humtuma chumvi ikarudi sukari, na maelezo marefu juu yake.

Duka la Mzee Ishwar, Mhindi, lilikuwa Kisii mjini. Mbele waliuza redio, pasi na balbu. Nyuma, katika chumba chenye harufu ya risasi ya kuchomea nyaya, mwanawe Rahul aliunda kompyuta kwa vipuri vilivyotumika vilivyoletwa kutoka Nairobi. Kompyuta mpya, nzima, ilikuwa ya mabenki na ya wakubwa. Ya kuunda kipande kwa kipande, hata mtu wa chai angeweza kuifikia. Rahul na Nyabuto walisoma kozi moja, benchi moja, na siku ile walivipanga vipuri juu ya meza kwa furaha ya watu wanaopika chakula watakachokula wenyewe.

Kesi walichagua iliyokwaruzika, maana mikwaruzo haipunguzi kasi. Monita walichukua ndogo, yenye kivuli cha kijani pembeni. Prosesa zilikuwepo tatu. Ya bei ya juu wakaiaga kwa macho, ya chini Rahul akaicheka, wakachukua ya katikati. "Hapa usibane," Rahul akasema, akiinua kipande cha memori. "Bana kwa kibodi. Herufi zikifutika vidole vitakumbuka." Kwa hiyo wakabana kwa kibodi, wakabana kwa hadi diski, wakachukua mausi iliyokuwa inakwama kidogo ikienda kushoto. Mpaka hapo Nyabuto alichagua kama mtu mwenye akili zake, na baba yake angekuwepo angejivuna.

Kisha pesa zikabaki za kitu kimoja. Mzee Ishwar akaja mwenyewe, amebeba printa ya sindano iliyokuwa imetumika katika ofisi fulani. Akaiwasha. Ikalia kama cherehani inayoshona gunia, ikatoa karatasi yenye maandishi meusi, safi. Lakini Rahul, bila nia mbaya, alikuwa ameshaingiza kadi ya picha, ile ya kuendeshea michezo, kwenye ile kompyuta ili aonyeshe tu inavyofanya kazi. Kwenye monita kulikuwa na mchezo wa mbio za magari. Nyabuto akashika kibodi. Gari likapinda kona, taa zikang'aa juu ya lami iliyolowa maji, na yeye akapinda pamoja nalo, bega zima, mpaka akagonga kabati la balbu.

"Kijana," Mzee Ishwar akasema, "baba yako ilikuja hapa mwezi jana. Iliuliza hii printa. Iliuliza tena na tena kama inachapa vizuri, ikashika karatasi hivi, ikaangalia kwa jua. Chukua hii. Mchezo haikimbii."

Nyabuto aliyasikia maneno hayo. Baadaye, kwa miaka mingi, hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba aliyasikia vizuri. Alimwona baba yake akiwa amesimama pale kwenye kaunta na kofia mkononi, akiinua karatasi kwenye mwanga. Alimwona, kisha akageukia lile gari.

"Kama unachukua kadi," Rahul akasema, akimwonea rafiki yake huruma, "basi uandike kwenu, uweke kwa disketi, ulete nikuchapie hapa. Sikuchaji. Lakini ulete kabla ya Diwali. Tunafunga duka, tunaenda Kisumu kwa shangazi."

Basi kumbe kulikuwa na njia! Nyabuto akaona jambo limekwisha. Programu zitachapwa, neno la mzee litasimama, na yeye atakuwa na magari yake. Printa angeinunua mbele ya safari, akishapata wateja. Hakuuliza mteja gani huyo ataleta kazi kwa kompyuta isiyochapa.

Stima ilikuwa imefika kwao kwa sababu shamba lilipakana na soko, na kompyuta iliwekwa sebuleni, juu ya meza ya kulia chakula. Mzee Makori akaizunguka akiwa ameweka mikono nyuma. Alitazama kesi, akatazama monita, akainamia nyaya.

"Sasa inayochapa ni ipi?"

"Zinasaidiana zote, Tata."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyeelezwa jambo la daktari. Siku ya Jumanne, juma la harusi, kamati ilipoleta majina, Nyabuto aliyaandika yote kwa muda mfupi, akayapamba kwa maua pembeni, akamwita baba yake aone. Mzee akaliona jina la Bonareri katikati ya kioo kwa herufi kubwa. Akaligusa kwa kidole, taratibu, akamwita Orpah naye aje aguse.

Disketi ilikuwa tayari siku hiyohiyo. Kilichobaki kilikuwa kwenda Kisii, jambo la asubuhi moja. Lakini Jumatano kulikuwa na mashindano mapya ndani ya ule mchezo, na Alhamisi kulikuwa na gari jekundu ambalo lazima ushinde kwanza ndipo ulipate. Watu wa rika lake walijaa sebuleni wakipiga kelele. Baba yake akipita na gunia la chai mgongoni aliuliza, "Kazi inaendelea?" nao wakajibu kwa pamoja kwamba inaendelea.

Tena Nyabuto hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa alikuwa amepiga hesabu. Kalenda ya ukutani ilisema Diwali ni Jumapili, siku ileile ya harusi. Naye alizaliwa na kulelewa katika nyumba ambayo siku takatifu huanza jua linapotua siku iliyotangulia, si dakika moja kabla. Akawapimia Wahindi kwa kibaba cha Waadventista: sikukuu yao ni Jumapili, basi itaanza Jumamosi jioni, na Ijumaa duka litakuwa wazi kabisa. Haikumpitia akilini kwamba watu wengine wanaweza kuianza sikukuu yao siku kadhaa kabla, kwa taa, peremende na kutembeleana.

Ijumaa mchana alifika akakuta mlango wa chuma umeshushwa, na maua ya njano yametundikwa juu yake. Mshona viatu wa kando ya duka akamwambia, "Hao wameenda Kisumu na watoto wote. Ijumaa hii sikukuu yao ndiyo imeanza. Dhanteras, sijui, ndivyo yule mama mwenye duka alisema. Rudi wiki ijayo."

Akakimbilia ofisi nyingine ya kuchapa, ya mama mmoja aliyefahamika sana mjini. Ilikuwa imefungwa tangu saa sita, maana mama huyo alikuwa Mwadventista kama wao, na Ijumaa alikwenda nyumbani mapema kuitayarisha Sabato. Ya tatu ilikuwa na taipureta tu, na wasichana wake walikuwa wakifunika mashine zao. Nyabuto akasimama barabarani na ile disketi mfukoni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume. Wa Nyabuto alikuwa amefika, amekaa, na bado siku mbili zilikuwa mbele.

Angeweza kumwambia baba yake jioni ile, kabla jua halijatua. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, chakula cha Sabato kimepikwa, mzee ameoga, anaimba kwa sauti ya chini. Nyabuto akaona amwache aimbe. Akajiambia ni kwa ajili ya amani ya Sabato. Ilikuwa ni woga tu.

Kesho yake kanisani, wakati wa matangazo, Mzee Makori akasimama mbele. Akawakaribisha wote harusini. Kisha, yeye asiyejisifu, akaongeza akitabasamu, "Na msije na kalamu za kuandika ratiba. Kila mtu atapewa programu iliyochapwa vizuri, kwa kompyuta ya hapa hapa Ekerenyo." Watu wakacheka kwa furaha, wakageuka kumtazama Nyabuto kwenye benchi la nyuma. Naye akacheka pia. Hapo ndipo alipotamani sakafu impokee.

Jua lilipotua alimwambia. Alimwambia yote: kadi, printa, disketi, Kisumu. Nje mvua ilikuwa inanyesha na radi zinapiga upande wa Nyamira. Mzee Makori alisikiliza mpaka mwisho, akaigeukia kompyuta.

"Kwa hiyo hii haichapi," akasema.

"Haichapi, Tata."

"Na Ishwar alikwambia nilikwenda."

"Aliniambia."

Mzee aliinuka. Alichukua taulo, akaifunika ile monita, akaenda kuwasaidia akina mama kusogeza viti.

Jumapili mchungaji alikuwa wa kwanza kuuliza. Alisimama mlangoni mwa kanisa, wageni wa bwana harusi kutoka Nyacheki wamemzunguka, akasema kwa ucheshi, "Mzee wetu, zile programu za kisasa ziko wapi? Tumenyoosha mikono!" Watu wakanyamaza wamsikie. Nyabuto alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, karibu kiasi cha kuuona mshipa shingoni. Alifungua kinywa ili aseme ni mimi. Baba yake akamtangulia.

"Radi, mchungaji. Jana jioni radi ilipiga, ikaunguza mashine. Kijana alikuwa amefanya kazi yote."

"Oh, pole sana! Pole, Nyabuto!" Watu wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Radi huko kwetu kila mtu anaijua. Imeua ng'ombe, imepasua miti, haikosi wa kuiamini. Zaidi ya hayo aliyesema ni Makori. Nyabuto akapokea pole zote, na kila moja ilimchoma. Harusi ikaendelea bila programu, babu wa bwana harusi akasahauliwa kuitwa azungumze, akaondoka amenuna.

Sabato iliyofuata Mzee Makori aliomba nafasi. Alisimama chini, hakupanda madhabahuni. "Siku ya harusi nilisema uongo mbele ya mchungaji na wageni," akasema. "Radi haikupiga kitu kwangu. Naomba mniondoe kwenye uzee wa kanisa." Mchungaji akataka kujua kulikuwa na nini hasa. Mzee akasema, "Uongo ni wangu," akaketi. Walimsihi apumzike tu kidogo, lakini alikataa. Kuanzia siku hiyo hakuna tena aliyemletea kesi ya mpaka, na yeye akawa anakaa benchi la nyuma, kando ya mwanawe.

Kompyuta ilibaki chini ya lile taulo kwa muda. Rahul aliporudi alikubali kuichukua kadi na kumpa Nyabuto printa badala yake, na ile printa ilichapa mitihani ya shule nyingi sana. Mzee Makori hakuwahi kuishika karatasi yake hata moja.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana, mwisho wa mwaka. Kabla ya mkate, waumini wa kanisa hilo hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na mtu humtafuta yule ambaye kati yao kuna jambo. Nyabuto alikuwa anavuta muda nje, akijifanya anafunga kamba za viatu, alipomwona baba yake akija na beseni, taulo limening'inia begani.

"Kaa," mzee akasema.

"Tata, acha mimi nianze."

"Kaa, momura."

Akapiga magoti kwenye saruji, akamvua soksi, akammwagia maji miguuni kwa kiganja. Alimtawadha kwa makini, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akimwosha alipokuwa mtoto. Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Nisamehe. Ulikuwa umesimama nyuma yangu, ukanisikia nikidanganya."

Nyabuto alitaka kusema kwamba uongo ulianzia kwake, kwenye ile meza ya vipuri. Kwamba alichagua huku akijua. Kwamba hapakuwa na kitu cha kusamehe upande huo. Maneno yote alikuwa nayo, ameyapanga kwa majuma. Zamu yake ilipofika akapiga magoti, akaishika miguu ya baba yake, yenye nyufa za miaka ya kupanda na kushuka shamba la chai, na kilichomtoka kinywani kilikuwa, "Maji yamepoa, Tata."

"Si kitu," mzee akasema. "Endelea tu."