Shokapu Zilizofufukia Ipogolo

Mwaka ule wa mtihani wa kisomo, mume wangu Sedekia alifundisha watu wazima katika vijiji viwili juu ya Mbalizi, na karabai ilikuwa moja. Akaibeba huku na huku kwa pikipiki kuukuu. Sasa, utambi wa karabai ukishawaka mara moja unabaki kama jivu; mtikisiko kidogo, unapukutika. Na shokapu za nyuma zilikuwa zimekwisha. Shimo moja lilitudundisha mara nne, tano. Nilijaribu hata kuipakata ile taa kama mtoto, wapi.

Tulibakiwa na utambi mmoja, madukani hamna. Huo nao ukivunjika, darasa lingefungwa, na mama mkwe wangu Damari alikuwa hajamaliza hata kuandika jina lake.

Fundi wa Mbalizi alikaza springi, mdundo ukazidi. Akatuambia tungoje shokapu mpya kutoka ng'ambo. Mimi nikasikia Ipogolo kuna mzee Ambrosi anayefungua zilizokufa. Nikazitia kikapuni, mwanangu Saulo mgongoni, nikapanda basi la Iringa.

Mzee alizitazama zinavyovuja.

"Mama, hizi umeniletea nizizike?"

"Nimezileta zisome ngumbaru, baba. Kwetu hata wazee wanaanza upya."

Alicheka mpaka akaweka spana chini. Akazifungua, akazisafisha, akachonga mipira ya kuzuia oili, akajaza oili nzito. Alitaka nitangulie na moja, ya pili ningeifuata mwezi ujao. Nikamwambia pikipiki haichechemei ikafika. Nikakaa mlangoni pake nikinyonyesha mpaka zote mbili zikawa tayari.

Nyumbani Sedekia alizifunga, akakandamiza kiti kwa nguvu, akaachia. Kikapanda mara moja, kikatulia.

Jioni ile tulipita mawe yote ya njia ya mlimani. Darasani akapiga pampu, akawasha kibiriti. Utambi ukashika, mzima, chumba kikawa mchana. Mama Damari akavuta benchi lake hadi mbele, akanikabidhi Saulo, akasema yeye ana kazi.

Siku ya mtihani alimaliza wa kwanza. Akatoka, akafunga kanga vizuri, akamwendea mwanawe penye pikipiki.

"Nipakie," alisema. "Pitia njia ya sokoni, wanione."