Mtoto Amejilaza Mavumbini

...na mkono ulikuwa umekwisha kupanda, fimbo juu, Bernadina mwenyewe hajui ulipandaje, maana alichokiona ni damu tu, damu ya kinywa cha Ghati, kile kitoto cha Kikuria ambacho wazazi wake wamefuata dhahabu huku Geita, mdomo umepasuka kama nyanya iliyokanyagwa, na juu yake amesimama Ignas, miaka minne tu jamani, na fimbo mkononi, anafoka, "Chimba, mbwa wewe, chimba!", ndio mchezo wao huo watoto wa kambi ya mgodi, mmoja nyapara, waliobaki vibarua, Bernadina akarukia, akainyakua fimbo, na sasa iko juu, na kumbe leo ndiyo siku yake ya kupimwa kama anafaa ulezi, Sista Klara amekaa pale mlangoni pa shule ya watoto na miwani yake, mwaka mzima amemfundisha mambo ya watoto, mtoto hucheza alichokiona, Bernadina, mtoto asiye na maneno husema kwa mikono, na mlezi hapigi, akipiga mara moja tu anarudi kwao Masumbwe kushika jembe, basi, hakuna kazi... lakini damu ile... na kule kwenye ua wa minyaa kina mama wamejazana, "Mpige, mwalimu! Mpige akome, mimi kwangu kanishinda!", ni Mama Ignas huyo, mzazi mwenyewe, na mwingine anacheka, "Mayu wee, mwalimu gani anaogopa kitoto? Kesho wangu simleti!", na mkono unawasha, Mungu wangu, unataka kushuka, umvunje mgongo huo mdogo, upasuke kama ulivyopasuka mdomo wa mwenzie, utamu huo anaujua, aliuona usoni kwa mama yake, mama aliyemchapa kwa mwiko wa ugali huku analia yeye mpigaji, "Mbona hulii? Mbona hulii, una pepo?", na mama naye jana yake baba kamng'oa jino, na baba naye, miaka ile ya vita vya Hitla, alilazwa mbele ya shimo, matako wazi, akachapwa na nyapara, wanaume wazima wakitazama, kwa ajili ya punje ya dhahabu iliyokutwa chini ya ulimi, akarudi nyumbani, na bibi pale jikoni akachochea kuni akanong'ona, kipigo ni moto wa nyika, wajukuu zangu, hakiulizi nani kakiwasha, kinatafuta majani makavu tu... "Mpige basi, mwalimu, unangoja nini?"... anangoja nini kweli, mbona Ignas hakimbii, mtoto akiona fimbo hukimbia, hujikojolea, huita mama, huyu hakuita mtu, huyu amejilaza mwenyewe mavumbini, kifudifudi, kaptula kaishusha kwa mikono yake, taratibu, kama fundi aliyezoea kazi, akanyoosha mikono mbele, na kasauti kakatoka ardhini, "Asante, nyapara", kabla hajaguswa, na kina mama wakaangua kicheko, loo, kitoto hiki kina vituko, ila Mama Ignas hakucheka, Mama Ignas kajiziba mdomo kwa khanga, maana ndiye anayemtuma mchana ampelekee baba yake uji kule shimoni kwa nyapara, na Bernadina anatafuta neno la kumwinua, amwambie inuka, nyapara naye husema inuka, amwambie usiogope, nyapara husema hivyo hivyo, tena akicheka, na mtoto anangoja, vidole vya miguu kavikunja mchangani, nyapara wake ni huyu, msichana wa Masumbwe mwenye gauni jeupe la misheni, si mwingine, na Ghati, damu bado inamdondoka kidevuni, akajisogeza karibu apate kuona vizuri, akachuchumaa, akatabasamu, na Bernadina akaingiwa na hofu asiyowahi kuwa nayo hata kwa baba yake, Sista kamsahau, kazi kaisahau, anautazama mkono wake kule juu, haushuki, na kwa mara ya kwanza anaona kwamba huo mkono ni wake.