Gauni la Kola Nyeupe

Alasiri moja, Profesa akiwa amepanga majarida sakafuni toka mlangoni hadi kitandani, mama mtu mzima asiyemjua alipiga hodi. Uprofesa wenyewe ulikuwa jina la utani alilopachikwa na kaka yake, aliyempa chumba cha uani tangu amalize chuo mwaka jana. Majarida yalikuwa sitini na mawili, ya zamani, aliyoyaokoteza moja moja kwa vinyozi na kwenye maduka ya vitu chakavu kwa kupenda majalada yake yaliyochorwa kwa mkono. Wiki iliyofuata yangeonyeshwa maktaba, na mkuu wa maktaba alishamwambia kwamba baada ya maonyesho ataanza kazi pale.

Mgeni aliitikia shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa amesikia habari za maonyesho, akaomba jalada moja lenye sura yake lisionyeshwe, wala mtu asielezwe sababu. Profesa alikubali palepale. Moja kati ya sitini na mawili, nani angelikosa?

"Ni lile la gauni la kijani, kola nyeupe," mama akasema.

Profesa akanywea. Ndilo mkuu alilolichagua kwa bango kubwa la mlangoni.

Ujanani mama alikuwa fundi cherehani. Mchoraji, jirani yake, alimwomba akae tu dirishani na wanawe achorwe. Jarida lilipotoka, chini ya picha paliandikwa kwa wino mwekundu: Mlevi na Wanawe.

"Gauni nilishona mwenyewe, mwanangu. Chupa mkononi kaitia yeye mchoraji. Mume wangu alijua sinywi, lakini mama mkwe alikuja na jarida mkononi, akaondoka na wanangu wote wawili. Mume akanyamaza." Alinyoosha kitambaa magotini. "Mdogo amenirudia mwaka huu. Hajawahi kuliona."

Profesa alimwambia kaka yake kwamba kuna jalada atalitoa, basi. Kaka alicheka hadi akakohoa. "Miaka minne chuoni, kumbe ulikuwa unasomea kufuga panya kwenye makaratasi. Mpe mkuu anachotaka, bwana mdogo, uhame hapa."

Kesho yake, Profesa alipofikisha boksi la majarida maktaba na kusema jalada lile litoke, mkuu aliuliza sababu mara tatu, kwa upole. Profesa akajibu mara tatu kuwa hawezi kusema.

"Umepata mnunuzi. Sema tu, tutaelewana."

"Sijapata, mzee."

"Kijana, maonyesho bila jalada lile ni rundo la karatasi. Niachie hilo moja, maonyesho yakiisha unaanza kazi. Ukiondoka nalo, ondoka na yote, na hapa usirudi kuulizia chochote."

Jarida lilikuwa mezani kati yao. Mchoraji yule alikuwa na mkono hodari. Hata mishono ya kola ilihesabika. Profesa alifikiria chumba cha uani, na meza ya kaka, na kicheko kitakachomngoja kila jioni. Akalichukua, akalilaza ndani ya boksi pamoja na mengine, akafunga kamba. Kisha akamwomba mkuu amfungulie mlango, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa.