Kura ya Saa Kumi

...na juu ya hayo jina lenyewe wameliandika vibaya, Mellen ana l mbili na wao wameweka moja, wiki nzima barua imezunguka kwenye orodha ya barua pepe na hakuna aliyeona kwamba mtu wanayetaka kumkabidhi ufunguo hata jina lake hawajui kuliandika, ila Jedidah ameona, Jedidah huona, ndiyo kazi aliyobaki nayo duniani, kuona nukta iliyokosekana, nafasi iliyozidi, l iliyopotea, na huku kichwa kimeinamishwa mpaka kidevu kinagusa kifua, Monicah msusi analivuta tuta la tatu la nywele kana kwamba analing'oa, na simu iko mapajani inasema 15:46, yaani saa kumi kasoro dakika kumi na nne, na saa kumi kamili kura inafungwa. "Umekaza shingo," Monicah alisema, "legeza, nyaminwa, dada yangu, hapa si kwa daktari wa meno," naye akajaribu kulegeza, ikakataa, kwa sababu chini ya macho yake, ndani ya kile kisanduku cheupe cha kujibia, alikuwa ameshaandika alama mbili tu, kistari na moja, -1, na kistari kile kidogo, kifupi kuliko unywele mmoja wa hizi zilizoanguka sakafuni, kilitosha. Ndivyo kanuni za mradi wa Tessaro zilivyo, kujumlisha tatu bila kutoa hata moja ndipo mtu anapewa ufunguo, na mpaka sasa kujumlisha ziko mbili, ya Ureno na ya Brazil, wengine wamenyamaza, wana watoto, wana likizo, na kama kutoa ikiingia, hata moja, yenye sababu, jina linaondolewa mezani na halirudi mpaka miezi sita ipite, miezi sita, si kifo, hakuna aliyekufa kwa kungoja miezi sita, yeye mwenyewe alingoja kumi na moja... Na yeye hakuagiziwa keki. Asubuhi ya leo Nicanor, anayeandaa mikutano yao ya Jumamosi mjini Migori katika ukumbi wa kanisa, amemwandikia, "Mwalimu, tunakungoja wewe tu, keki ya Mellen tumeshaagiza," mwalimu, kila mara mwalimu, na Mellen ni dada yetu, Mellen wetu, mwalimu ni mtu wa kunyamaziwa akiingia na dada ni mtu wa kuvutiwa kiti, na hata hizi nywele anasukwa kwa ajili ya Jumamosi hiyo, keti hapa saa tatu nzima uvutwe ngozi ya kichwa ili upendeze kwenye keki ya mtu mwingine.

Wa kwanza kutoka upande huu wa ziwa, hivyo ndivyo walivyoandika juu yake miaka miwili iliyopita alipopewa ufunguo, wa kwanza na wa pekee, na hakuwahi kujua kwamba alilolipenda zaidi ni lile neno la pili. Mama yake alipouliza ufunguo wa nini alijaribu kueleza, kwamba Tessaro ni jukwaa la Java la kuendeshea mifumo mikubwa, ya benki, ya hospitali, ya bima, na kwamba msimbo wake uko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuusoma na kutuma sahihisho, lakini kulifungulia hilo sahihisho mlango liingie, hiyo ni kazi ya wenye ufunguo peke yao, watu wanane dunia nzima, na mmoja wao yuko Kosele, kaunti ya Homa Bay, mama akasema, "Basi usiupoteze," akaendelea kuchambua omena. Na hakuupoteza. Kila sahihisho lililopita mikononi mwake lilipita limenyooka, alirudisha kazi za watu mara tatu, mara nne, kwa ajili ya herufi kubwa mahali pa ndogo, na walishukuru, kwa barua fupi, na baada ya muda akaanza kuona kwamba wanampelekea Mellen kwanza, kimyakimya, awasafishie kabla mwalimu hajaona... Mellen! Aliyemfundisha ni nani? Chumba kimoja chuoni, kompyuta moja ya mkononi iliyokufa herufi k, kila neno lenye k walikuwa wanainakili kutoka mahali pengine na kuibandika, Mellen akicheka, Mellen kutoka Kehancha aliyekuwa akidhani seva ni mtu, "seva analala saa ngapi?" aliuliza kweli, wiki ya kwanza, na Jedidah akamweleza, usiku baada ya usiku, akamchorea, akamshika mkono, na leo ule mwongozo wa Mellen kwa wanaoanza, kurasa kumi na mbili za maneno mepesi zenye makosa ya tahajia manane, manane, ameyahesabu, umesomwa na watu wengi kuliko kitu chochote ambacho Jedidah amewahi kuandika, kwa sababu unaanza na sentensi, "Usiogope, hata mimi sikujua." Nani huanza mwongozo hivyo? Na katika jarida la jumuiya picha yake, meno yote nje, na chini ya picha shukrani, kwa Mellen, na kwa wengineo. Wengineo. Alilitazama neno hilo mpaka likaacha kuwa neno.

"Inama," Monicah alisema, akainama. Sababu. Kujumlisha hakuulizwi sababu, kutoa lazima utoe, na sababu anayo, haikuhitaji kubuniwa, sababu safi, yenye tarehe, na kila mwenye ufunguo anaijua, lile kosa la kufagia, mwezi wa tatu, toleo la nane, wakati seva ya majaribio ambayo wote huitumia ilitakiwa ifagiwe alfajiri, kila siku, vitu vya jana vifutwe watu wakiwa wamelala, na Mellen aliyepewa kazi ya kuipangia saa akaipangia saa nne ya asubuhi badala ya saa kumi ya alfajiri, aliandika kumi mahali pa nne, 10 badala ya 4, kosa la mtoto, kosa la mtu ambaye kichwa chake kinahesabu saa kwa Kiswahili na mkono wake unaandikia mashine, na Jumanne ile saa nne asubuhi, watu kumi na mmoja wa nchi nne wakiwa katikati ya kulijaribu toleo, kila kitu kilifutika mbele ya macho yao, toleo likachelewa siku tisa, na mtu mmoja kwenye orodha akatania kuhusu saa za Waafrika, akaweka na kikatuni cha kucheka. Mellen alijibu mistari miwili, kosa ni langu, nilichanganya saa, ninarekebisha sasa hivi. Basi. Na Jedidah, aliposoma... aliposoma alikuwa jikoni, alikumbuka, sufuria ya chai mkononi, na kitu chenye joto kilimpanda, akadhani ni huruma, akakaa nacho kutwa nzima akikiita huruma. Haikuwa huruma. Basi sasa chini ya ile -1 kidole kikaanza kuandika, kwa Kiingereza cha orodha, kilichopigwa pasi, kwamba mgombea ana bidii na anapendwa, lakini mwenye ufunguo lazima awe na umakini, na tukio la mwezi wa tatu linaonyesha kwamba... linaonyesha, au lilionyesha? Linaonyesha. 15:49.

Mlango ulifunikwa na kivuli na sauti ikatangulia mwili, "Monicah! Leo tutajuana!" na alikuwa Pauline, yule muuza samaki anayeshuka na ndoo zake kutoka Sindo siku za soko, kitambaa kimemwenda upande, na Monicah bila kuliachia tuta akasema, "Karibu, Pauline, umefika mapema, keti," na Pauline, "Mapema! Yawa, anasema mapema! Nimekuja hapa ten, nimepata kufuli, nimekaa kwa hiyo mlango yako kama askari, samaki yangu inaniangalia, mimi naiangalia!" Kelele, Jedidah aliwaza, watu hawawezi kunyamaza dakika kumi, linaonyesha kwamba kazi ya kuhakiki... "Ten ya nini?" Monicah aliuliza. "Nilikuambia saa kumi. Saa kumi ni four." "Ulisema wapi? Uliandika! Iko hapa, ona, umeandika njoo 10. Moja, zero. Nani huandika 10 akimaanisha four?" "Mimi," Monicah alisema, "na mama yangu, na watu wote wa hapa. Wewe umeanza lini kuwa mzungu?" Pauline alicheka kwa hasira, hasira ikawahi kuisha kabla ya kicheko, "Na ningekuuliza ungeniambia nini?" "Ungeuliza ningekuambia four, si uliogopa kuuliza?" "Mimi niogope nani hapa?"... Ungeuliza. Kidole cha Jedidah kilisimama. Ungeuliza, na kitu kilichokuwa kimekaa nyuma kabisa, nyuma ya jikoni, nyuma ya ile sufuria ya chai, kikageuka upande kama mtu anayeamshwa, kwa sababu Mellen aliuliza. Si aliuliza? Hapana. Mellen angeuliza wapi, kosa lilikuwa lake, alisema mwenyewe kosa ni langu, na mtu hawezi kusema kosa ni langu kama... "Usitingishe kichwa!" "Sijatingisha," Jedidah alisema, na kwa kidole kilekile akaiacha barua pale ilipo, akafungua mazungumzo yake na Mellen, yale ya zamani, akayapandisha juu, Julai, Juni, pole kwa msiba, Mei, Aprili, picha ya mbuzi amepanda juu ya pikipiki, Machi, taratibu, Machi tarehe kumi na nne.

Hiyo ya kufagia weka 10, usisahau saa za Nairobi. Hiyo ni yeye. Jedidah. Herufi zake, nukta yake mwishoni, hakuna mwingine huweka nukta kwenye ujumbe wa simu. Na chini yake Mellen, 10 ama 4? Na chini yake, dakika moja baadaye, moja tu, yeye tena, Soma vizuri. Nimeandika 10. Basi. Na Mellen, kidole gumba juu, sawa mwalimu, mara yake ya kwanza na ya mwisho kumwita mwalimu. Jedidah alisoma, akasoma tena, akatafuta kama kuna namna nyingine ya kusoma, yeye aliyerudisha kazi za watu mara nne, kama labda alimaanisha... hakumaanisha, alfajiri ilikuwa kichwani mwake na neno halikufika kwenye simu, na sahihisho lilipomjia alikagua saa za Nairobi mara mbili, mara mbili!, na ile 10 akaipita kwa sababu kwake ilisomeka saa kumi, iko sawa, ndivyo alivyosema, akaifungulia mlango yeye, kwa ufunguo wake yeye. Na kwa nini alijibu vile, soma vizuri, nani alikuwa amemkosea siku ile... tarehe kumi na nne. Jarida hutoka tarehe kumi na nne. Ile picha, meno nje, wengineo. Alikuwa ameisoma asubuhi ile na kutwa hakutaka hata kuliona jina la Mellen likiwaka kwenye kioo, alitaka tu amalizane naye, ajibu, afunge. Na Mellen alikuwa na ujumbe huu mfukoni siku ile yote watu wanacheka kuhusu saa za Waafrika, alikuwa nao miezi yote hii, angeupiga picha akauweka pale orodhani na mwalimu angekwisha, dakika moja tu, naye akaandika kosa ni langu, akatuma picha ya mbuzi. Kwa nini? Hata hilo lilimchoma, hata hilo, kwamba Mellen aliweza na yeye asingeweza, kwamba angekuwa ni yeye angeupiga picha ukiwa bado una joto, kwa hiyo wivu haukuondoka, usidhani, ulihama tu, ulikuwa umekaa juu ya keki na picha na ufunguo na sasa ukahamia kwenye kile kimya, nacho ndicho kitu cha kwanza cha Mellen ambacho kilistahili kuonewa wivu.

"Umeumia?" Monicah aliuliza, kwa sauti ya chini, "mbona machozi? Nimevuta sana?" "Kidogo," Jedidah alisema. "Ungesema, yawa." 15:54. Alirudi kwenye barua, ikimngoja pale alipoiacha, linaonyesha kwamba, akaifuta herufi kwa herufi kurudi nyuma, umakini, anapendwa, bidii, mpaka ikabaki moja na kistari chake, akafuta kistari, ikabaki moja peke yake, na alama ya kujumlisha iko jirani kabisa na ile ya kutoa, kidole kile kile, akaiweka, +1, na angeweza kutuma hapo hapo yakaisha, kujumlisha hakuulizwi sababu, Jumamosi angekula keki na angeitwa mwalimu na hakuna ambaye angejua, Mellen asingesema, hilo alilijua sasa kama anavyojua jina lake, Mellen asingesema kamwe. Pauline alikuwa ameketi akijipepea na bahasha ya picha za mitindo, "basi nikingoja mpaka saa kumi ya kweli nitakuwa nimezeeka," Monicah akamwambia bado dakika sita, saa kumi, four, ten ya kwako, chagua, na chini ya +1 Jedidah akaandika, Ile 10 ilikuwa yangu. Mellen aliniuliza kama ni 4, nikamwambia asome vizuri. Akaitazama. Ilikuwa kwa Kiswahili, na maisha yake yote hakuwahi kuandika Kiswahili kwenye orodha ile, akaona mara moja ni kwa nini, kwamba Ureno hawasomi Kiswahili wala Brazil, na kwamba hata hapo, hata hapo mkono ulikuwa unatafuta pa kujificha, akafuta, akaanza upya kwa Kiingereza, polepole, neno hili kisha lile, na Mellen akampa l zake mbili. "Inama, nyaminwa, hili la mwisho nyuma ya sikio," akainama, kidevu kifuani, simu mapajani, gumba juu ya kitufe cha kutuma, 15:56, akingoja tu mkono wa Monicah ulegee aweze kuisoma mara moja zaidi, si kutafuta makosa.