Siku Nyevu Alipolipata Jiko

Miaka ile ya themanini, mtaani kwetu Maweni, Malindi, habari haikulala njaa. Kila nyumba iliilisha. Nyumba yenyewe haikuwa nyumba kama haina wageni ukumbini.

Jirani yangu Nyevu alikuwa akiosha vyombo kwenye hoteli moja ya ufuoni. Huko kupika kulikuwa kwa wanaume; wanawake kazi yao kutandika vitanda na kusugua masufuria. Lakini Nyevu alimwandama meneja hata akakubaliwa: Ijumaa apike yeye chakula cha mchana cha kipwani. Wageni wakikipenda, atavaa aproni. Wasipokipenda, arudi kwenye vyombo na asiulize tena.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea bizari, nikamkuta mlango wa nyuma wa hoteli, macho mekundu.

"Gerishom na wenzake wamegoma." Gerishom ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. "Wasema mwanamume hakalii mbuzi ya kukunia nazi. Gunia zima hili, shoga, nitalimaliza saa ngapi peke yangu?"

Nilikimbia kwa Bi Hindu. Na kumwambia Bi Hindu ni kuuambia mtaa. Mara wanawake hao, mbuzi vichwani, leso viunoni, kama tunavyoitana kwa kazi ya arusi.

Askari wa lango akashangaa. "Shikamooni, mama zangu. Mwaenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Arusini," Bi Hindu akajibu.

"Arusi ya nani?"

"Ya Nyevu. Leo yuapata jiko. Tupishe!"

Tulikuna huku tukiimba na kuwasengenya waume zetu, Nyevu akichuja tui, akigeuza samaki wa kupaka, akipalia wali makaa. Wageni Wataliani walirudi na sahani tena na tena, hata ukoko wakauomba. Meneja akamkabidhi aproni mbele yetu, vigelegele vikapaa.

Gerishom alikuwa amesimama mlangoni. "Na kesho je? Utatuletea Maweni nzima?"

"Kesho mbali, kaka. Nazi za jioni hizi hapa." Nyevu akamsogezea mbuzi. "Karibu, keti."

Gerishom akaitazama aproni, akatutazama sisi, akaketi ukingoni kama anayeogopa kuchafuka.

"Keti sawasawa, baba," Bi Hindu akamwambia, "mbuzi hiyo haikutupi chini!"

Kicheko kile! Wengi wa tuliocheka siku hiyo wameshatangulia. Lakini nikikamua tui, bado nawasikia.