Mwalimu wa Breki

Kwa miaka tisa mke wangu Karwirwa hakupanda gari langu. Mimi, Mbaabu, niliyeendesha pikapu ya miraa kutoka Maua hadi Nairobi miaka kumi na mmoja bila kugusa hata kuku, mke wangu alienda kanisani Nkubu kwa gari la Misheck, jirani anayeuza dawa za mifugo na kuendesha kama amebeba mayai. Mimi nilifuata nyuma peke yangu, ndani ya Probox yangu, na waumini wote wakituona.

Kisa chenyewe kilikuwa mto Thuchi. Tulitoka harusini Embu, nikalipita lori la mchanga kwenye kona inayoteremka mtoni, na lori jingine likatokea mbele. Tulipona kwa upana wa kidole. Tulipofika Chuka, Karwirwa aliniomba nisimame anunue maji. Alishuka na mkoba wake, hakurudi. Nilimkuta nyumbani jioni akichambua maharagwe.

"Baba Kanana," alisema bila kuinua macho, "mimi sijachoka kuishi."

Nilinuna mwezi mzima. Dereva kama mimi, kuambiwa hivyo!

Miraa niliiacha mgongo ulipoanza kunisumbua, lakini kiu ya spidi haikuniacha. Ndipo nikasikia kwamba kuna mtu amechonga uwanja wa mbio za magari wa murram, udongo mwekundu wa kokoto, kule kwenye ukame nje ya Ishiara, na kwamba kutakuwa na siku moja ambayo yeyote mwenye gari zima anaweza kuingia na kukimbia. Nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Sharti lilikuwa moja: dereva mgeni afundishwe kwanza, na mwalimu atie sahihi kwenye kadi yake. Mwenye kadi iliyotiwa sahihi angeruhusiwa pia kumbeba mtu mmoja wa nyumbani kwake katika mizunguko ya mwisho.

Nilimpelekea Karwirwa habari hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Huyo mwalimu akiandika na mkono yake kwamba wewe unajua gari, nitaingia," alisema. "Asipoandika, usiniambie tena mambo ya gari yako mpaka nizikwe."

Nikaona nimeshinda tayari. Sahihi ni nini kwa mtu wa miraa?

Mwalimu aliitwa Lydiah Wanjira, mtu wa Embu, mama wa miaka sitini hivi, miwani imefungwa kamba shingoni, sweta kama la mazoezi ya kwaya. Ujanani alishindana mbio za magari, waliniambia. Tulikutana Jumamosi alasiri katika uwanja wa kiwanda cha kahawa karibu na Kanyakine. Haukuwa msimu wa kahawa, uwanja ulikuwa mtupu, naye alikuwa amepanga tairi kuukuu kuonyesha kona. Nilimtazama nikajiuliza bibi huyu atanifundisha nini.

"Endesha vile umezoea," aliniambia, akajifunga mkanda kando yangu.

Nikaendesha vile nilivyozoea. Kwenye tairi ya tatu gari liligeuka nyuma mbele, nikajikuta natazama nilikotoka, vumbi likinishukia. Nikarudia, likageuka. Nikarudia tena, likageuka tena. Lydiah alikuwa akiandika kitu kwenye daftari.

"Ulikuwa unabeba miraa?" aliuliza.

"Ii, madam. Umejuaje?"

"Unakanyaga breki ukiwa ndani ya kona. Ukiwa na mzigo huko nyuma, gari inakusamehe. Sasa hauna mzigo."

Maneno hayo niliyasikia kwa sikio la miraa. Wiki nzima niliyageuza kichwani: kama shida ni mzigo, dawa ni mzigo. Watu wa miraa tuko hivyo, gari tupu hututia wasiwasi. Nawajua wenzangu waliorudi kutoka Nairobi wakiwa na mawe nyuma, ili tu pikapu isirukeruke. Basi Jumamosi iliyofuata nilifika Kanyakine na magunia matatu ya viazi kule nyuma, nimeyafunika blanketi, na uso wangu mkavu kabisa.

Kona ya kwanza gari lilitii. Nikatabasamu. Kona ya pili magunia yalijiamulia yenyewe. Mkia wa gari ulikwenda ulikotaka, gunia moja likapasuka, viazi vikaja mbele vikipita katikati ya viti. Kimoja kilimpiga mwalimu kwenye goti. Tulisimama hatua moja tu kutoka ukuta wa tangi la kuoshea kahawa, injini imezimika.

Lydiah aliokota kile kiazi, akakigeuzageuza. Nilingoja achane kadi yangu. Niliona miaka mingine tisa ya kumfuata Misheck.

"Baba Kanana," alisema kwa upole, "umebeba viazi kwa sababu unaogopa gari yako."

Hasira ilinipanda. Kisha ikashuka, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Kadi je?"

"Wacha kadi. Shuka, tutembee."

Akanitembeza kwa miguu uwanja mzima, kona kwa kona, kama tunapima shamba. Akanionyesha mahali ardhi inapoinama, mahali kokoto zimelegea, mahali breki inapaswa kuwa imekwisha kazi yake. Miaka kumi na mmoja nilipita barabarani, sikuwahi kuitazama barabara. Halafu tulishusha viazi, na yeye akaketi kwenye usukani.

Nilingoja kelele. Hakukuwa na kelele. Alikanyaga breki mapema, gari likiwa limenyooka, pua ikainama kidogo. Akaiachia polepole, akageuza usukani, na macho yake hayakuwa kwenye tairi iliyo mbele yetu bali yalikuwa yameshafika kwenye ile inayofuata. Mguu wake ulibonyeza mafuta kama mtu anayebonyeza parachichi kujua kama limeiva. Nilidhani tunakwenda taratibu. Kisha nikatupia jicho mshale wa spidi, nikashika kiti kwa mikono miwili. Tulikuwa tumeipita, tena mbali, ile spidi iliyonizungusha mimi mara tatu! Na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: katikati ya hayo yote alikuwa akinisimulia habari za mbuzi wake aliyezaa pacha.

Akasimama. Nilitaka nishuke, nizunguke upande wake, nimwamkie upya kwa adabu, maana mara ya kwanza nilimwamkia vibaya.

Nilifunzwa Jumamosi saba. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, na mguu wangu ulinigomea siku nyingi, ukikimbilia breki mahali si pake. Lydiah hakunikaripia hata siku moja. Alisema tu, "Mapema, Baba Kanana. Halafu wachilia." Jumamosi ya sita ndipo ilipokuja. Nilikanyaga, nikaachia, na nikahisi kwa makalio yangu uzito wote wa gari ukihamia mbele, tairi zikiuma murram, na gari likageuka lenyewe kama lilikuwa likingoja ruhusa yangu. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Siku ya Ishiara jua lilikuwa kali na uwanja ulikuwa mwekundu. Asubuhi Lydiah alikaa kando yangu mizunguko miwili, hakunikumbusha breki hata mara moja, akashuka, akatia sahihi kwa kalamu ya buluu. Karwirwa alikuja adhuhuri kwa gari la Misheck. Aliisoma kadi mbele na nyuma, akaenda kumwuliza Lydiah ana kwa ana kama ni mkono wake, akarudi. Akavaa kofia ngumu juu ya kitambaa chake, akaingia, akasali kwa Kimeru, sala ndefu kupita kiasi, huku mtu wa bendera akitungoja.

Tulikwenda. Sikumtazama, macho yangu yalikuwa kwenye kona inayofuata. Nilimsikia tu akipumua. Mzunguko wa kwanza alipumua kama anayepanda mlima. Wa pili pumzi ilitulia. Wa tatu, kwenye ile sehemu ndefu iliyonyooka, kwa spidi ambayo sikuwahi kuifikia hata ndege ya kubeba miraa ilipokuwa ikinisubiri Nairobi, mke wangu alisema "Haiya!" kwa sauti ya msichana.

Niliposimama na kuzima injini hakushuka. Alifungua mkanda, akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Kumbe ulikuwa unaweza," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha tena. "Miaka tisa, Baba Kanana. Mimi nilifikiria hujui. Kumbe ulikuwa unajua na ukakataa tu."

Ningeweza kunyamaza. Dereva hodari aliyekataa tu, hilo nalo lina heshima yake. Misheck alikuwa amewasha gari lake akimngoja. Ulimi wangu ulikuwa mzito kuliko magunia yote niliyowahi kubeba.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa sijui. Siku ile ya Thuchi nilikuwa sijui kuendesha gari."

Alinigeukia.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Akavuta mkanda, akaufunga, akatoa mkono dirishani kumwashiria Misheck atangulie.